Majibu ya PSA ya mzee yamekuja juu: maswali ambayo watoto huuliza

Mara nyingi mambo huanzia kwenye simu. Picha ya karatasi ya maabara imetumwa kwenye grupu la familia, pembeni ya namba kuna herufi H au mshale unaotazama juu, na mtoto aliyesoma sayansi anaombwa aseme kama baba anakufa. Majibu haya ni ya watu walio katika hatua hiyo, hasa Tanzania, ingawa aliye Mombasa au Muscat atakuta mengi yanayomhusu. Kumchunguza mzee ni kazi ya daktari. Hapa tunataka tu muingie kwa daktari mkijua cha kuuliza.

PSA ya baba ni 12. Ana kansa?

Haijulikani bado, na yeyote anayewajibu "ndiyo" au "hapana" kwa karatasi hiyo peke yake anabahatisha. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kinachouzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kuzifanya shahawa ziwe nyepesi, na kiasi kidogo huvujia kwenye damu. Tezi ikitanuka kwa uzee, ikipata maambukizi, ikikwaruzwa na mpira unaowekwa kutoa mkojo au ikiota saratani, PSA inayovuja huongezeka. Namba kubwa inasema tezi ina jambo. Haisemi ni jambo gani.

Mkitaka makadirio: kati ya wanaume wenye PSA ya 4 hadi 10 wanaochukuliwa kinyama (kipande kidogo cha tezi cha kupimwa maabara), takriban mmoja kwa wanne hukutwa na saratani. Juu ya 10 uwezekano hupanda hadi nusu au zaidi. Kwa hiyo mzee mwenye 12 anatakiwa kuchunguzwa bila kuzembea, ila bado si wakati wa kuwaita walio mbali waje kumuaga.

Karatasi imeandika kawaida ni chini ya 4. Ni hivyo kwa kila mtu?

Nne ni mpaka wa zamani ambao maabara nyingi zimeendelea kuuchapa bila kuangalia umri. Tezi hukua kadiri mtu anavyozeeka, na PSA hupanda nayo. Viwango vinavyozingatia umri huweka mpaka kwenye 2.5 kwa aliye katika miaka ya 40, 3.5 kwa miaka ya 50, 4.5 kwa miaka ya 60 na 6.5 kwa miaka ya 70. Kijana wa miaka 48 mwenye 3.8 anaweza kuwa na sababu kubwa zaidi ya kumwona daktari kuliko babu wa miaka 76 mwenye 6, ijapokuwa karatasi imemwandika wa kwanza kuwa yuko sawa.

Kuna hesabu nyingine nzuri ambayo mnaweza kuifanya wenyewe nyumbani. Katika ripoti ya ultrasaundi tafuteni ukubwa wa tezi, unaoandikwa kwa cc au mililita, kisha gawanyeni PSA kwa ukubwa huo. Mzee mwenye PSA 9 na tezi ya mililita 100 anapata 0.09. Mwenzake mwenye PSA hiyohiyo ya 9 lakini tezi ya mililita 30 anapata 0.3. Madaktari huanza kutia shaka zaidi jibu linapozidi 0.15. Tezi ya wa kwanza ni kubwa, lazima itoe nyingi. Ya wa pili ni ndogo na inatoa kupita kiasi chake, na hapo ndipo penye maswali. Ndiyo maana PSA bila ultrasaundi ni nusu ya habari.

Ni nini kingine kinachoweza kuipandisha?

Maambukizi, kwanza kabisa. Mzee mwenye UTI kali au tezi iliyovimba kwa bakteria anaweza kutoa PSA ya makumi, na ikashuka yenyewe akishatibiwa. Mkojo ukifunga ghafla hadi akawekewa mpira, PSA iliyopimwa siku hiyo au wiki hiyo haiaminiki, na bado hilo ni kosa linalofanyika kila siku: mzee anafika dharura kibofu kimejaa, anawekewa mpira, damu inachukuliwa palepale pamoja na vipimo vingine, na familia inarudi nyumbani na namba ya kutisha. Kuchukuliwa kinyama kwenye tezi, safari ndefu ya baiskeli na tendo la ndoa ndani ya siku mbili kabla ya kipimo navyo huipandisha. Hilo la mwisho mwachieni daktari amuulize mzee, msiulize ninyi.

Kuna pia kinachoishusha. Dawa za finasteride na dutasteride, ambazo wazee wengi hupewa ili kupunguza tezi, hushusha PSA hadi karibu nusu baada ya miezi kama 6. Mzee anayezitumia akipimwa 5, daktari anayejua atamhesabu kama ana 10. Nendeni kliniki na maboksi yote ya dawa, hata yale ambayo mzee anasema "hizo ni za kawaida tu".

Basi turudie kipimo?

Mara nyingi ndiyo, na ni bora kabla ya jambo lolote kubwa. Kama kulikuwa na maambukizi au mpira, yatibiwe kwanza, kisha ipite wiki 6 hadi 8. Rudieni kwenye maabara ileile ikiwezekana, kwa sababu mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba mbili tofauti kwa damu moja. Wekeni karatasi zote kwenye bahasha moja zikiwa na tarehe. Mwendo wa namba kwa miaka unamwambia daktari mengi ambayo namba moja haiwezi.

Lakini kama PSA ni 80 na mzee anakonda na kulalamika mgongo, msisubiri wiki nane za kurudia. Nendeni.

Mzee anakataa kupimwa kwa kidole.

Wengi hukataa, na kuwacheka hakusaidii. Kipimo chenyewe ni cha sekunde chache: daktari, akiwa na glovu na mafuta, anagusa tezi kupitia njia ya haja kubwa ili kujua kama ni laini, imevimba, au ina sehemu ngumu. Kuna saratani zinazoguswa kwa kidole wakati PSA bado iko chini, ndiyo maana kipimo hiki hakijafa hata katika nchi zenye mashine za kila aina. Ombeni daktari wa kiume kama hilo ndilo tatizo. Binti aliyemsindikiza atoke nje bila kungoja kuambiwa. Na mara nyingi rika lake aliyekwisha kupimwa atamshawishi kwa dakika tano kuliko ninyi kwa wiki nzima.

Wanataka kuchukua kinyama. Tumesikia kukata kunaisambaza saratani.

Hofu hiyo ina chanzo chake. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali saratani ikiwa imeshaenea, wanakatwa, wanafariki baada ya miezi michache, na kisu ndicho kinachobeba lawama. Kuchukua kinyama kwenye tezi dume hakuaminiki kuieneza saratani kwa namna ya kumdhuru mgonjwa. Na bila kinyama hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama ni saratani, wala ni kali kiasi gani.

Kinachofanyika ni kwamba sindano nyembamba, ikiongozwa na ultrasaundi, huchota vipande vidogo, kwa kawaida 12, kutoka pande zote za tezi. Hupitia njia ya haja kubwa au kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia hiyo. Njia ya pili ina hatari ndogo zaidi ya maambukizi. Pale MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku) inapopatikana, ni vizuri ikatangulia, kwa sababu inaonyesha sehemu ya kulengwa na wakati mwingine inaonyesha kwamba kinyama kinaweza kusubiri. Hatari ya kweli ya kipimo hiki ni maambukizi kuingia kwenye damu. Mzee akipata homa au kutetemeka ndani ya siku chache baada yake, arudi hospitali usiku huohuo. Panadoli ya nyumbani haitoshi. Damu kidogo kwenye mkojo kwa siku kadhaa, na kwenye shahawa kwa wiki kadhaa, ni ya kutarajiwa. Mwambieni mapema asije akashtuka.

Dawa za kuzuia damu kuganda, kama aspirini, klopidogreli au wafarini, zisimamishwe kwa maelekezo ya daktari pekee. Mtoto asiamue hilo mwenyewe.

Majibu yameandikwa Gleason 3+3. Hiyo ni hatua ya tatu?

Hapana, hiyo ni sura ya seli chini ya hadubini. Mfumo huu ulianzishwa na daktari Donald Gleason wa Marekani katika miaka ya 1960. Mtaalamu wa patholojia huangalia mipangilio miwili ya seli iliyotawala, anaipa kila mmoja alama, kisha anajumlisha. Siku hizi saratani huanzia 6. Jumla ya 6, yaani 3+3, ni saratani ya polepole. Kwenye 7 mpangilio una maana: 3+4 ni afadhali kuliko 4+3, kwa kuwa namba ya kwanza ndiyo iliyotawala. Kuanzia 8 hadi 10 ni kali. Ripoti za sasa huongeza pia daraja la 1 hadi la 5, ambapo 3+3 ni daraja la 1.

Hatua ya ugonjwa ni suala jingine. Inahusu saratani imefika wapi: imo ndani ya tezi, imetoka nje, au imekwenda kwenye mifupa. Hiyo hutafutwa kwa MRI, CT na picha ya mifupa.

Daktari amesema operesheni. Ni operesheni gani?

Familia nyingi haziulizi swali hili, na ndilo ningetaka mlishike kuliko mengine yote hapa. Watu husema "operesheni ya tezi dume" kana kwamba ni moja, kumbe kuna kazi mbili zenye malengo tofauti kabisa.

Ya kwanza ni ya kufungua njia ya mkojo. Tezi imetanuka, inabana mrija, na daktari anaondoa sehemu ya ndani inayobana huku akiliacha ganda la nje. Inaweza kufanyika bila kupasua tumbo, kwa kifaa kinachopitishwa kwenye uume na kuikwangua tezi kidogokidogo. Hiyo ndiyo TURP. Tezi ikiwa kubwa sana, aghalabu zaidi ya mililita 80, au hospitali ikiwa haina kifaa hicho, hupasuliwa chini ya kitovu na nyama inayobana ikatolewa kwa mkono. Mzee anarudi nyumbani anakojoa kama kijana na familia inashukuru. Sawa. Lakini ganda lililobaki ni tezi dume bado, na saratani nyingi huanzia huko pembeni.

Mfano uko wazi katika maisha ya Nelson Mandela. Mwaka 1985, akiwa mfungwa, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume iliyotanuka mjini Cape Town. Mwaka 2001 aligundulika na saratani ya tezi dume, akatibiwa kwa mionzi. Upasuaji wa kwanza ulifanya kazi yake, ila kazi hiyo haikuwa ya kumkinga na saratani. (Aliishi hadi 2013, akafariki akiwa na miaka 95.)

Operesheni ya pili ni ya saratani. Tezi nzima hutolewa pamoja na vifuko vya shahawa, kisha kibofu kinaunganishwa upya na mrija wa mkojo. Hii ni kazi kubwa, inahitaji bingwa mwenye uzoefu nayo, na hufanywa hasa pale saratani inapokuwa haijasambaa mwilini. Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, naye akawaeleza wananchi waziwazi kwamba ilikuwa saratani katika hatua za mwanzo. Ni hospitali hiyohiyo ambako mwaka 1982 daktari Patrick Walsh alifanya upasuaji wa kwanza uliolenga kuinusuru mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume wakati wa kuitoa tezi.

Kwa hiyo, kabla mzee hajatia sahihi fomu ya ridhaa, ulizeni: mnatoa sehemu au mnatoa yote? Ni kwa ajili ya mkojo au kwa ajili ya saratani? Na kama ni kwa ajili ya mkojo ilhali PSA ilikuwa juu, suala la saratani mmelimaliza vipi? Daktari mzuri hatakasirika. Akikasirika, mna haki ya kutafuta maoni ya mwingine.

Kama ni kutanuka tu, lazima akatwe?

Si lazima. Tamsulosin hulegeza misuli kwenye shingo ya kibofu na nafuu huonekana ndani ya siku chache. Inaweza kuleta kizunguzungu akisimama ghafla, hivyo aanze kuinywa usiku. Akiwa na mpango wa kutolewa mtoto wa jicho, daktari wa macho aambiwe kuhusu dawa hiyo. Finasteride inahitaji miezi. Upasuaji huwa na nguvu ya hoja pale mkojo unapofunga tena kila mpira ukitolewa, maambukizi yanapojirudia, kunapokuwa na mawe kwenye kibofu au damu inayorudi mara kwa mara, na hasa figo zinapoanza kuharibika kwa mkojo unaorudi juu. Angalieni kreatinini, namba inayoonyesha hali ya figo, kwenye karatasi za damu. Wazee wengi wamezoea kuamka mara tano usiku na kuuita uzee, wakati figo zinaumia kimyakimya.

Ikithibitika ni saratani, si bora itolewe haraka?

Silika ndiyo inavyosema. Utafiti uliofanyika Uingereza, uliopewa jina la ProtecT, uliwagawa wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi katika makundi matatu: kufuatiliwa, kupasuliwa na kupigwa mionzi. Baada ya miaka 15, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa waliofariki kwa saratani hiyo walikuwa karibu asilimia 3 tu, na tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo. Waliofuatiliwa tu walipata zaidi kusambaa kwa ugonjwa, lakini wengi wao walikwepa madhara ya tiba kwa miaka mingi.

Kuna tahadhari ya kwetu, hata hivyo. Wengi wa wanaume hao walikuwa weupe waliogunduliwa mapema. Wanaume weusi hupata saratani hii zaidi, na Marekani hufariki kwayo karibu mara mbili ya weupe. Hivyo "tutamfuatilia" ni jibu la heshima kwa mzee mwenye Gleason 6, mradi ufuatiliaji uwepo kweli: PSA kila baada ya miezi 6 hivi, kinyama au MRI tena baadaye, na mtu katika familia anayezishika tarehe. Kumfuatilia bila tarehe ni kumwacha.

PSA ya mzee ni 300 na wamesema hakuna operesheni. Wamemkatia tamaa?

Hapana. PSA ikivuka 100, karibu kila mara saratani imeshatoka nje ya tezi, na kuikata tezi hakuwezi kuufuata ugonjwa uliofika kwenye mifupa. Tiba hapo ni kuinyima saratani homoni ya kiume inayoilisha. Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba hilo linafanya kazi, na akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1966. Hufanywa kwa sindano za kila mwezi au kila miezi 3, au kwa operesheni ndogo ya kuondoa korodani. Wazee wengi hushtuka wakisikia hiyo ya pili, na ni haki yao. Lakini kwa familia iliyo mbali na hospitali kubwa, isiyo na uhakika wa kupata sindano kila tarehe, ni tiba ya siku moja isiyohitaji kurudi duka la dawa kila mara. Maumivu ya mifupa yanaweza kupungua ndani ya siku chache, na wapo wanaoishi miaka kadhaa wakiendelea na shughuli zao. Zipo na dawa za kuongezea, zikiwemo abiraterone na docetaxel.

Jambo moja tu la dharura: mzee mwenye saratani hii akipata maumivu mapya ya mgongo na miguu ikaanza kulegea au kufa ganzi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Uti wa mgongo unabanwa, na mguu uliopoteza nguvu kabisa mara nyingi haurudi.

Mama anauliza, ila hataki kusema anauliza: nguvu za kiume?

Baada ya TURP au kutolewa nyama ya ndani, wengi hubaki na uwezo walioingia nao. Kinachobadilika kwa walio wengi ni kwamba shahawa hazitoki nje. Zinarudi kwenye kibofu na kutoka na mkojo. Haina madhara, ila asiyeambiwa hudhani ameharibiwa.

Baada ya kutolewa tezi nzima, nguvu mara nyingi hupungua au kupotea, na kwa baadhi hurudi taratibu hadi miaka 2. Inategemea umri, alivyokuwa kabla, na kama mishipa ilinusurika. Mkojo huvuja kwa wiki au miezi; wengi hukauka ndani ya mwaka, wachache hawakauki. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ile inayokatisha mkojo, yaanze kabla ya upasuaji. Mionzi haileti mvujo mwingi kiasi hicho, ila husumbua utumbo, na nguvu hupungua polepole kwa miaka. Sindano za homoni huondoa hamu yenyewe. Mama awepo siku daktari anapoeleza haya. Ni maisha yake pia.

Wazee Waislamu huuliza kuhusu swala wakati mkojo unavuja. Fiqhi ina nafasi kwa mtu mwenye udhuru wa namna hiyo, na msikitini kuna wa kumweleza. Asiache kuswali wala kukataa tiba kwa sababu hiyo.

Kuna dawa ya mitishamba inauzwa mtandaoni, "inamaliza tezi bila kisu".

Mti mmoja una historia ya kweli: Prunus africana, wa misitu ya milimani kama Kilimanjaro na Mlima Kenya. Gome lake limetengenezewa dawa Ulaya kwa miongo, na linaweza kupunguza kidogo usumbufu wa kukojoa kwa mwenye tezi iliyotanuka. Hautibu saratani. Umevunwa hadi biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti mwaka 1995. Kilichomo kwenye chupa isiyo na lebo ni suala jingine kabisa. Mzee akiwa ameshaanza kunywa kitu, msimgombeze. Mwambieni daktari tu, maana baadhi ya mitishamba inaweza kuongeza kutoka damu kwenye operesheni.

Amerudi nyumbani na mpira. Tufanye nini?

Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, hata akiwa kwenye gari. Anywe maji, isipokuwa kama daktari amezuia kwa sababu ya moyo au figo. Sehemu mpira unapoingilia ioshwe kwa maji na sabuni kila siku. Usivutwe, ndani kuna puto lililojazwa maji, na kuuvuta kwa nguvu huchana. Ulizeni tarehe ya kuubadilisha na iandikeni. Mpira uliosahaulika kwa miezi huota mawe.

Tumwambie ukweli au tumfiche?

Mwambieni. Najua sababu za kuficha, na nyingi ni za upendo. Lakini atakayetia sahihi ni yeye, atakayevumilia mpira ni yeye, na kama ana shamba la kuandikisha au deni la kulipa, mnaponyamaza mnamnyang'anya muda. Si lazima aambiwe yote siku moja. Muulizeni anataka kujua kiasi gani, na mpeni daktari dakika chache naye peke yake. Wazee husema mambo pale ambayo hawawezi kuyasema mbele ya wakwe.

Ana miaka 81, presha na sukari. Ataihimili?

Umri peke yake haukatai. TURP kwa ganzi ya mgongo hufanyika kwa wazee wengi wa umri huo bila nusu kaputi, presha na sukari zikiwa zimedhibitiwa kwanza. Kutoa tezi nzima kwa ajili ya saratani ni tofauti: faida yake huonekana baada ya miaka 10 na kuendelea, hivyo kwa mzee wa 81 kwa kawaida haipendekezwi. Wanaume wengi wazee hufariki wakiwa na saratani ya tezi dume, kwa sababu nyingine kabisa.

Tuende wapi?

Kwa bingwa wa mfumo wa mkojo. Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza wanao. Mionzi hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando pia. Kama mzee ana bima, ulizeni mapema inalipia nini katika kinyama, MRI, upasuaji na sindano, kimoja kimoja. Kwa walio Kenya, SHA ilichukua nafasi ya NHIF kama bima ya afya ya serikali Oktoba 2024, hivyo hakikisheni usajili wake uko hai kabla ya kupewa tarehe. Jiandaeni pia kuombwa ndugu wa kuchangia damu. Wapatikane kabla ya siku yenyewe.

Baada ya operesheni mkojo ni mwekundu. Kuna tatizo?

Mwekundu wa kupauka ni kawaida. Ndiyo maana mifuko mikubwa ya maji inatiririshwa kupitia mpira wenye njia tatu, kuosha kibofu. Mwiteni muuguzi mkiona mabonge, maji yanaingia lakini hayatoki, au tumbo la chini limejaa na linauma. Nyumbani, asinyanyue vitu vizito wala kupanda bodaboda kwa wiki kama 6, na asipate choo kigumu. Homa, mkojo kufunga, mguu mmoja kuvimba au kifua kubana ni sababu ya kurudi mara moja.

Nyama iliyotolewa inakwenda wapi?

Iende maabara ya patholojia, yote, hata kama daktari ana uhakika kwamba ni kutanuka tu. Wapo ambao saratani yao hugunduliwa kwa njia hiyo pekee. Baadhi ya hospitali huwakabidhi ndugu chupa waipeleke wenyewe. Ikitokea hivyo, hakikisheni nyama imo ndani ya fomalini (dawa ya kuihifadhi isiharibike), siyo maji wala glovu tupu, na jina la mzee limeandikwa. Kisha yafuateni majibu. Huchukua wiki, mzee anakuwa ameshapona kidonda na anakojoa vizuri, hakuna anayekumbuka, na karatasi inabaki kwenye droo ya hospitali ikiwa na neno ambalo lingebadilisha kila kitu. Mpeni mtoto mmoja kazi hiyo kwa jina.

Baada ya hapo PSA iendelee kupimwa. Aliyetolewa tezi nzima anatakiwa kuwa chini ya 0.1 ndani ya wiki 6 hadi 8. Kwa aliyetolewa sehemu ya ndani, PSA itashuka, ila haitafika sifuri, na ikianza kupanda tena ana cha kurudia kwa daktari.

Na sisi watoto wake?

Baba au kaka akiwa na saratani hii, hatari ya mwanamume huongezeka kama mara mbili. Kwa mwanamume mweusi mwenye historia hiyo, miaka 40 hadi 45 ni umri wa kuanza mazungumzo na daktari kuhusu PSA. Mabinti nao waulize, hasa kama kuna shangazi aliyeugua saratani ya matiti au ovari, kwa kuwa hitilafu ya jeni ya BRCA2, inayoongeza hatari ya saratani hizi zote, inaweza kuwa imepita upande wa baba.